Miungu ya Kihindu Katika Karata za Taroti: Pa Kuanzia na Panapoharibika

Ndugu wasikilizaji, karata za taroti ni 78. Karata kuu ni 22. 56 zilizobaki zimegawanyika mafungu manne ya karata 14: upanga, kikombe, fimbo na sarafu, ndizo shupaza, kopa, pau na uru za karata tunazocheza barazani. Zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, tena kwa mchezo tu. Kubashiria kulishika kasi Ufaransa katika karne ya 18. Basi anayezivisha sura za Kihindu anakutanisha mifumo miwili isiyo na asili moja, na mshono ni juu yake.

Kosa kubwa ni kuchagua mungu kwa umaarufu wake. Anza na kazi ya karata. Karata ya 12, Aliyening'inizwa, ni mtu anayening'inia kichwa chini, aliyekubali kwa hiari yake kubaki katikati ya hali mbili, akingoja. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindu, yumo shujaa Bhishma: amelala juu ya kitanda cha mishale, ana uwezo wa kuchagua saa ya kufa, na anasubiri jua lianze safari yake ya kaskazini. Hakuna haja ya kumchora miguu juu. Ya 16, Mnara, ni Shiva, mungu wa maangamizi, akiiteketeza miji mitatu ya asura, maadui wa miungu, kwa mshale mmoja. Hapo hulazimishi kitu.

Ya 15, Ibilisi, ndiyo inayowashinda wengi. Humweka Ravana, nami nawasihi msifanye hivyo. Ravana ni mfalme msomi, mfuasi wa Shiva, aliyeangushwa na tamaa. Wala Uhindu hauna Shetani wa namna ile. Karata yenyewe inazungumzia minyororo, kwa hiyo chora maya, udanganyifu unaomfunga mtu na dunia. Na Mwezi, karata ya 18? Ulaya huupa sifa za kike, lakini Chandra, mungu wa mwezi wa Kihindu, ni mwanamume, ana wake 27, na kufifia kwake ni laana ya mkwewe Daksha. Rekebisha maelezo ya kijitabu kinachoandamana na karata. Chandra mwache alivyo.

Mafungu manne hufungamanishwa na moto, maji, hewa na udongo. Wahindu wana asili tano, ya tano ikiwa akasha, anga. Ukiongeza fungu la tano utafika karata 92, na hiyo si taroti tena. Akasha zipeni zile karata kuu 22.

Sasa mikono, ambapo kazi nzuri nyingi huharibika. Vishnu, mungu mlinzi, hushika kombe la baharini, gurudumu la vita, rungu na yungiyungi. Vitu vinne katika mikono minne hupangika kwa njia 24, na kila mpangilio ni umbo lenye jina lake: Keshava, Narayana, Madhava na wengine. Msanifu akiigeuza picha kushoto kulia ili ipendeze, amekwisha kuchora umbo jingine. Nataraja naye, yaani Shiva anayecheza ngoma, anayeifaa sana karata ya 21, Dunia, kwa kuwa duara lake la moto linachukua nafasi ya shada la majani la karata hiyo, husimama kwa mguu wa kulia na kuinua wa kushoto. Ngoma iko mkono wa kulia wa nyuma, moto uko wa kushoto.

Karata ya kawaida ina upana wa milimita 70 na urefu wa 120 hivi. Chapisha rasimu kwa kipimo hichohicho kabla ya kutia rangi, na acha milimita 3 za ziada kila upande. Mashine ya kukatia husogea kidogo, na mikono ya juu ndiyo inayokatwa.

La mwisho ni usomaji. Wengi husoma maana tofauti karata ikitokea kichwa chini. Kwa muumini, kumpindua mungu wa kike Durga ni kumdharau. Someni zote zikiwa wima; ukihitaji maana ya pili, ilaze karata ubavu. Zitandazwe mezani juu ya kitambaa safi, si sakafuni miguu inapopita.