Mti Mnaouita Gugu Ndio Unaolisha Msitu

Ndugu zangu, mvua na ukungu wa pwani ya Pasifiki, kutoka Alaska hadi kaskazini mwa California, mnaujua, sitapoteza muda. Naingia moja kwa moja kwenye alda nyekundu. Najua wapo watakaosema, "Ameanza tena." Ndiyo, nimeanza tena, maana mti huu bado unafyekwa kama gugu.

Katika karne ya 20 wenye mashamba ya misonobari ya Douglas waliunyunyizia dawa ya magugu kwa sababu hukua upesi na kuiwekea kivuli miche yao. Haya, chimbeni kidogo kwenye mizizi yake. Mtakuta vinundu vya rangi ya chungwa vimeshikana vishada vishada. Ndani yake wamo bakteria waitwao Frankia, wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Alda changa zilizosongamana zinaweza kuuongezea udongo zaidi ya kilo 100 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Na si mizizi tu. Miti mingi inayopukutisha majani huvuta kwanza nitrojeni kutoka kwenye jani, ndipo huliachia. Jani la alda huanguka likiwa bado kijani, na rutuba tele ndani yake. Likidondokea kijitoni, wadudu wa majini hulila, na wadudu hao huliwa na samaki wachanga wa samoni. Halafu mtu ananiambia mti huu hauna faida!

"Lakini unainyima misonobari jua." Kweli, miaka ya mwanzo. Ila alda ikifika miaka 100 imeshazeeka. Hemloki, mti mwingine unaovumilia kivuli, hungoja chini yake, na alda zikifa hurithi udongo ulionona. Tena yuko kuvu anayeozesha mizizi ya msonobari wa Douglas na kujificha ndani ya visiki kwa miaka mingi. Kuvu huyo hawezi kuishambulia alda. Ipandeni palipoathirika, naye atakosa pa kuhamia. Ugonjwa unawatia hasara kila msimu, na kinga yake mnainyunyizia sumu!

Muda unanibana, kwa hiyo la samonberi nalipitia mbio: kichaka hiki hupenda kuota chini ya alda, na maua yake ya waridi hufunguka mapema, wakati kolibri, ndege wadogo wanaofyonza maji matamu ya maua, wanarudi kutoka kusini wakiwa na njaa.

La mwisho, magogo. Yaacheni yalipoanguka. Chini kumesongamana makangaga, mche wa hemloki hauna nafasi. Juu ya gogo linalooza unaipata. Nendeni bonde la mto Hoh, jimbo la Washington, mtazame miti mikubwa iliyojipanga mstari mmoja. Yote ilianzia juu ya gogo lile lile, na uwazi mnaouona chini ya mizizi ndipo gogo lilipokuwa. Wenzetu mnaopeleka mashine kuyazoa ili msitu "uwe safi", naomba maswali tuanze na nyinyi.