Saa Nane Ipi? Kazi ya Msanifu wa Taarifa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi,

Kila ninapoalikwa kuzungumzia usanifu wa taarifa, yaani kazi ya kupanga maneno na michoro ili msomaji ajue la kufanya, huanza na bahasha ya dawa, na leo nitaanza nayo tena, kwa sababu baada ya miaka yote hii bado tunaitwa mwishoni, andiko likiwa limekwisha kupitishwa, tukiombwa tulipendezeshe. Kupendezesha si kazi yetu.

Bahasha yenyewe mnaifahamu: ile ndogo ya kaki inayotolewa kwenye dirisha la dawa. Muhuri wa zahanati umechukua nusu ya uso wake, mstari wa jina la dawa umeachwa wazi, na chini, kwa kalamu ya wino wa buluu, imeandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mama yangu mkubwa alipewa bahasha ya namna hiyo ikiwa na vidonge 15, vya siku 5, na mtoa dawa, kwa nia njema kabisa, akamwongezea kwa mdomo: “Kila saa nane, mama.” Nilipofika kumjulia hali siku ya nne jioni nilivihesabu vile vidonge, nikakuta vimebaki 11. Alikuwa akimeza kimoja kila siku, saa nane kamili mchana, baada ya chakula, bila kukosa hata siku moja.

Mama mkubwa alifundisha hesabu katika shule ya msingi mpaka alipostaafu. Nalisema hili mapema kwa kuwa hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba tatizo ni elimu ya wananchi. Yeye aliyasikia maneno kama Kiswahili kinavyoyabeba, kwani saa nane ni wakati tunaoujua sote, adhuhuri ikishapita. Na lau angeambiwa “kutwa mara tatu”, kama wengi wanavyoambiwa, huenda angevimeza vyote vitatu kati ya asubuhi na magharibi, maana kutwa huishia jua linapokuchwa, na usiku una neno lake, kucha. Dawa ya kuua bakteria inayopangwa kila baada ya saa 8 hupangwa hivyo ili kiwango chake mwilini kisishuke mno kati ya dozi moja na nyingine. Kwa hiyo mfamasia anahesabu mchana na usiku, ilhali maneno yetu yanahesabu mchana peke yake. Taaluma ninayoitetea inaanzia hapo, kati ya anachokijua mtaalamu na atakachokitenda msomaji akiwa nyumbani, asipokuwapo wa kumuuliza.

Mtaniambia mtoa dawa angeeleza kwa kirefu zaidi. Angeeleza vipi, na foleni imefika nje? Hata angeeleza, mgonjwa mwenye homa atakumbuka nusu yake, na kinachofika naye nyumbani ni bahasha.

Wala jambo hili halina uhusiano na umaskini wa nchi. Mwaka 2000, katika kaunti ya Palm Beach, Florida, nchini Marekani, ambako kura ilipigwa kwa kutoboa tundu la mgombea, majina ya wagombea urais yaligawanywa katika kurasa mbili ili herufi ziwe kubwa kwa ajili ya wapiga kura wazee, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati. Al Gore alikuwa jina la pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyekuwa upande wa kulia. Kura zaidi ya 19,000 za kaunti hiyo ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya tundu moja la urais, na George W. Bush akatangazwa mshindi wa jimbo zima kwa kura 537. Nia ilikuwa njema, kama ya mtoa dawa wetu.

Kundi la Otto Neurath, Mwaustria aliyebuni njia ya kueleza takwimu kwa picha, lililoanza Vienna katika miaka ya 1920, lilimpa mtu wa kazi hii cheo chake: mgeuzaji. Marie Neurath, mkewe Otto, aliyeishika kazi hiyo na miaka ya 1950 akaifanya pia kwa ajili ya Nigeria ya Magharibi, alikaa na wataalamu na kuamua lipi lisemwe na lipi liachwe, kabla mchoraji hajagusa kalamu. Nilikusudia kufika kwenye fomu za serikali na alama za barabarani, ila naona Mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi nirudi kwenye bahasha. Niliichora upya ikiwa na visanduku vitatu: saa 12, saa 8, saa 4. Nikampelekea jirani na kumuuliza: “Sasa ni saa moja usiku, kidonge kinachofuata utakimeza saa ngapi?” Akajibu kesho alfajiri, kwa kuwa ile saa 4 aliisoma kuwa ya asubuhi. Nikaongeza jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, nikawauliza majirani wengine swali lilelile, wakajibu saa nne usiku. Muhuri nimeuhamishia nyuma.