Sengi Hawahesabiwi Kaskazi Peke Yake

Ahsante, mwenyekiti. Nusu yenu mmeshanisikia nikilisema hili na mmeanza kutabasamu. Tabasamuni. Sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, aliyehesabiwa wakati wa jua tu hajahesabiwa.

Mambo yanavyokwenda mnayajua. Pesa zikitoka, magari hufika na kaskazi, mchanga mwekundu ukiwa mkavu na njia zikipitika. Kamera za mtego zinafungwa, watu wanatembea mistari yao wakihesabu, halafu mvua ya kwanza ya masika ikidondoka, virago. Ripoti inaandikwa mjini.

Sasa chukueni hayo majani ya chini. Kiangazi yamekauka, ukikanyaga moja msitu mzima unajua umefika. Sengi naye anatembea juu ya majani hayo hayo. Anachomeka pua yake ndefu, anapekua mchwa, buibui, jongoo, na wewe umesimama unamsikia: chakacha, kimya, chakacha. Unageuka, unaona kile kiraka cha dhahabu matakoni, unaandika: mmoja. Njoo mwezi wa tano. Majani yamelowa. Anapita mbele yako na husikii kitu. Unaandika: hakuna. Wanyama wamepungua, au masikio yako ndiyo yamepungua?

Sengi mwenyewe anaijua tofauti hiyo kutushinda. Kiota chake hukijenga alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, ili asifanye kelele. Anachimba kishimo kifupi, anatandika, anafunika, mpaka pabaki rundo tu la majani kama marundo mengine yote. Nimepita na wanafunzi wenye shahada juu ya rundo kama hilo, na mzee mmoja aliyekuwa akitega zamani akatusimamisha kwa fimbo. Hakusema neno. Alielekeza tu. Majani ya lile rundo yalikuwa yamelala kila upande, mengine yamesimama kwa ncha, na jani lililoanguka lenyewe halilali hivyo. Basi mtu huyo kwenye bajeti zetu anaitwa kibarua! Haya, tuliache.

Lakini msikimbilie kuhesabu viota. Sengi mmoja ana viota kadhaa na huhamahama kati yake kila baada ya siku chache. Mtafiti wa sengi Galen Rathbun alilionyesha hili miaka ya 1970, pale Gede, kwenye msitu unaozunguka magofu. Alikuta pia kwamba dume na jike hushika eneo moja lakini kila mmoja hutembea peke yake, na dume akiingia mgeni hufukuzwa na dume, jike mgeni akafukuzwa na jike. Ndoa yenye mipaka, ile.

Kuna atakayesema, tumieni mitego yenye chambo kama wanaotafiti panya. Mimi hilo nimechoka nalo. Huyu si panya! Ukoo wake ni wa ndovu, pimbi, muhanga na nguva. Siagi ya karanga mtampa ya nini mla wadudu? Tunatandaza nyavu chini, watu wanapanga mstari, wanamsogeza polepole. Na hapo ndipo msimu wa mvua unapolipa: majani yakiwa mabichi, mstari wa watu hausikiki kutoka mbali.

Na kamera? Kamera inahesabu mapito. Wadudu wakiadimika, mnyama lazima atembee zaidi atafute chakula, na picha zitaongezeka bila sengi hata mmoja kuzaliwa. Mama huzaa mtoto mmoja kwa uzazi mmoja, kwa hiyo mtu akiniletea ongezeko kubwa la ghafla, swali langu la kwanza ni tarehe: picha ni za msimu gani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Vitanzi: mtegaji haendi likizo ya masika, na njia nyembamba za sengi anazijua kuliko sisi. Mbwa wanaoingia msituni: tatizo kubwa, niulizeni nje. Ukataji wa miti na mkaa mmeusikia kwa wengine. Misitu ya Boni na Dodori kule Lamu na Garissa, ambako sengi wamepigwa picha, kunahitaji mhadhara wake. Na ndugu zetu wa Tanzania: mwaka 2008 ilitangazwa spishi mpya ya sengi kutoka milima ya Udzungwa, mkubwa kuliko wenzake wote, na mlango wa kwanza wa habari hiyo ulikuwa picha ya kamera ya mwaka 2005. Kwa hiyo msiseme nazichukia kamera.

Wanaotaka kuja mwezi wa tano, majina yenu mwachieni kijana pale mlangoni. Viatu vya mvua ni vyenu, nyavu ni zetu. Na tafadhali, asije mtu na lile koti la plastiki linalopiga kelele.