Meli ndani ya chupa, kitenge cha mama, na lile swali la "kwenu wapi?"

Mwakeye, watu wa Kigoma! Na nyie wa Tabora mliokuja kubishana nami kuhusu asali halafu mkabaki, karibuni, kaeni.

Leo hakuna theluji, hakuna bei za vyumba, hakuna "maisha ya Ulaya". Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, nimekuja moja kwa moja hapa Greenwich, kusini-mashariki mwa London, nje ya jumba la makumbusho ya bahari. Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona? Chupa. Urefu wake unakaribia mita tano, imelazwa juu ya kitako chake, na ndani kuna meli nzima. Najua mnataka kuuliza imeingiaje. Achaneni na hilo kwanza, angalieni matanga. Nasogea... Haya, mama zangu wa Ujiji, shangazi zangu wa Mwanga, hicho kitambaa mnakijua?

Kitenge! Matanga 37, yote kitenge. Yakikusanywa hayo yote unapata sare ya ukoo mzima siku ya harusi.

Meli yenyewe ni mfano wa HMS Victory, ile aliyofia admirali Nelson kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805. Aliyeitengeneza ni Yinka Shonibare. Wazazi wake ni Wanigeria, yeye kazaliwa hapa London mwaka 1962, akapelekwa Lagos akiwa na miaka mitatu, akarudi kijana kuja kusoma. Mwaka 2010 kazi hii iliwekwa katikati ya mji, kwenye uwanja wa Trafalgar, Nelson mwenyewe akiwa juu ya mnara wake anaitazama. Mwaka 2012 ikahamia hapa baada ya watu kuchangishana ili inunuliwe isiondoke.

Sasa kuna kisa chake ninachokipenda. Alipokuwa chuo cha sanaa alikuwa anatengeneza kazi kuhusu mageuzi ya Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Sovieti, Urusi ya enzi hizo. Mwalimu wake akamuuliza: kwa nini hufanyi sanaa halisi ya Kiafrika? Fikiria, kijana wa watu anafuatilia habari za dunia kama wenzake, anaambiwa rudi kwenye ngoma na vinyago. Basi akaenda soko la Brixton, wanakouza vitu vyetu Waafrika, akakuta vitenge. Akauliza vinatoka wapi. Akaambiwa Uholanzi.

Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama.

Maana habari ya kitenge ni ndefu. Waholanzi walikuwa wanatawala Java, kwenye Indonesia ya leo. Wajava walikuwa na batiki yao: unachora kwa nta, unatia rangi, unaitoa nta, ua linabaki. Kazi ya mkono, ya siku nyingi. Karne ya 19 Waholanzi wakaiga kwa mashine, wakitegemea kuwauzia Wajava wenyewe kwa bei rahisi. Wajava wakaikataa. Ile nta ya mashine ilikuwa inapasuka na kuacha vijistari vya rangi, kwa macho yao uchafu mtupu. Kitambaa hichohicho kilipofika pwani ya Afrika Magharibi, kina mama wa kule wakavipenda vile vijistari, kwa sababu hakuna vipande viwili vilivyopasuka sawasawa. Kiwanda kimoja cha Helmond, Uholanzi, kilichoanza mwaka 1846, mpaka leo kinatengeneza wax, yaani vitenge vya nta, na kutuuzia sisi.

Mama yangu ana kitenge alichonunua kwa wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Kongo, enzi zile ukisema "hiki cha Kongo" watu wanasogea wakishike. Kimehudhuria ndoa ya dada yangu, kimehudhuria arobaini ya babu, sasa hivi ni mbeleko ya wajukuu. Ufundi wa Mjava, mashine ya Mholanzi, boti ya Mkongo, mgongo wa mama yangu Ujiji. Nenda kamwambie si chake, halafu urudi unisimulie, kama utarudi.

Hapo ndipo ninapompendea Shonibare. Yule mwalimu alitaka Uafrika msafi, usioguswa. Yeye akampa kitambaa ambacho Uafrika wake ni wa kweli kabisa na asili yake ni vurugu tupu, akakitundika kwenye meli ya shujaa wa Uingereza. Maana bila meli zile na bahari zile, kitambaa kile kisingetufikia, na hata yeye asingezaliwa London.

Sasa nikitazama meli hii, mimi mtoto wa ziwa, nafikiria nini? Si mnajua. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika.

Wadogo zangu ambao hamkuhadithiwa, Liemba ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani. Ikaunganishwa, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama elfu tano, ikaja Dar es Salaam, kisha Kigoma, mwisho wa reli. Mwaka 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen. Huyo Götzen ni nani? Ni gavana wa Kijerumani aliyeizima Maji Maji, vita iliyoua watu wetu kwa risasi na kwa njaa. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue, mitambo wakaipaka grisi kwanza, kwa hiyo walikuwa na nia ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa letu upande wa kusini.

Halafu watu wetu wakaifanyaje? Waliijaza mawese, dagaa, mananasi, kuku, magodoro, maharusi. Ikawa inasimama katikati ya maji kwenye vijiji visivyo na gati, mitumbwi inaizunguka, mtoto anapokelewa juu kwa juu, mzigo unarushwa, mtu anagombana na karani wa tiketi, safari inaendelea mpaka Mpulungu, Zambia. Wangapi Kigoma wanaweza kukutajia jina la yule gavana? Na wangapi wana shangazi aliyejifungua safarini, au wanadai wanaye? Kwa hesabu zangu, alichokifanya Shonibare kwa meli ya Nelson, wavuvi na wachuuzi wa Tanganyika walishakifanya kwa meli ya Götzen miaka mingi kabla. Ila kazi yao haikupelekwa makumbusho.

Upepo huo, samahani. Nisogee huku ukutani.

Kuna mama mwingine lazima nimtaje, Lubaina Himid. Huyu ni wa kwetu kabisa. Kazaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake Mkomoro. Baba akafa kwa malaria Lubaina akiwa wa miezi tu, mama yake akamchukua akarudi naye Uingereza. Mwaka 2017 akashinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa hapa, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 63. Anachora pia kazi zenye mpangilio wa kanga: pindo, mji, na maneno yake chini. Mtu aliyetolewa Unguja mchanga vile, na bado kanga imemfuata mpaka Preston, kaskazini mwa Uingereza.

Lakini kazi yake iliyonikalia kichwani ni ya mwaka 2004, Naming the Money. Ni watu mia moja wa mbao, wamekatwa kwa kimo cha binadamu na kupakwa rangi kali, wamesimama chumbani na wewe unapita katikati yao. Ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa. Unamzunguka mmoja, mgongoni ana karatasi kama ya hesabu za duka. Pale ndipo pameandikwa jina lake la kweli, jina alilopachikwa, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kidogo alichobaki nacho yeye mwenyewe.

Mia moja. Unasoma mmoja mmoja mpaka miguu inauma.

Wa Ujiji mnanielewa. Ujiji ilikuwa ncha ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka ziwani. Pembe zilivushwa, na watu walivushwa. Tuko wengi ambao ukoo unaanzia Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na ukiwauliza wazee jina la aliyevuka kwanza wanakupa jina la Kiislamu alilolipata upande huu. La kabla ya hapo halipo. Kwetu halipo, nimeuliza. Himid hakutafuta majina hayo kwenye nyaraka ambazo hazikuyaandika; aliyatunga, akampa kila mtu lake. Wapo watakaosema huo ni uongo. Mimi naona ni adabu.

Na tukiwa hapohapo Ujiji. Pale penye miembe, penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, mimi nilipelekwa na shule kama wengi wenu. Sanamu nilizoziona ni za wazungu wawili wanasalimiana, mwaka 1871. Sasa Stanley mwenyewe kwenye maandishi yake anasema aliyemsalimu kwanza kwa Kiingereza kwenye ule umati wa Ujiji alikuwa mtu mweusi aliyevaa kanzu, akamwambia jina lake Susi, mtumishi wa Livingstone. Akafuata Chuma. Ndio haohao ambao Livingstone alipokufa mwaka 1873 waliongoza kumbeba kwa miguu mpaka pwani. Kwa hiyo ile salamu maarufu duniani ya Stanley, "Dr. Livingstone, nadhani?", haikuwa ya kwanza hata siku ile! Sanamu ya Susi mimi sikuiona. Wachongaji wa Kigoma mpo wapi? Mnangoja Himid aje awachongee?

Kuna ndugu mmoja wa Mwandiga aliandika kwenye video iliyopita kwamba wasanii wa ughaibuni wanalialia utambulisho ili wazungu wawahurumie na kununua. Kaka yangu, nusu nakubali. Majumba ya sanaa ya huku yanapenda sana msanii mweusi azungumzie maumivu. Akichora bakuli la matunda wanamuuliza matunda hayo yanamaanisha nini kwa ukoloni. Ila nusu nyingine nakukatalia, maana na huko nyumbani mnauza kile mgeni anachotaka. Edward Tingatinga alitoka Tunduru akaja kutafuta maisha Dar es Salaam, mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao kwa rangi za mafuta, akapata wateja wazungu. Alikuwa mbunifu kwelikweli, akafa mwaka 1972, kijana tu. Lakini miaka yote hii baadaye bado unamkuta kijana wa Kibirizi anachora twiga. Twiga Kibirizi! Ziwa liko mgongoni kwake, usiku taa za wavuvi wa dagaa zimejaa majini kama mji, na yeye anahangaika na shingo ya mnyama ambaye hajawahi kumwona.

Na sisi swali la "kwenu wapi" hatukulisubiri London. Huku naulizwa natoka wapi, najibu Tanzania, naambiwa mbona hufanani na yule Mtanzania wa kazini kwetu. Sawa. Lakini nilishalizoea kwenye mabasi ya kwenda Dar, kwenye vizuizi barabarani. Wewe Mrundi? Wewe Mkongo? Imba wimbo wa taifa. Abiria wa mikoa mingine wanabaki wamekaa, sisi tunashuka na vitambulisho mkononi. Mtu wa Kigoma ukimpa brashi au maikrofoni hilo analo tayari, halihitaji kufundishwa chuoni.

Muziki uliliwahi. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond, Mwasiti, Linex na wenzao, walijikusanya wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, Kiha, lugha yetu, kikapigwa redio za nchi nzima. Diamond mwenyewe kazaliwa Dar es Salaam, na hakuna aliyemwomba cheti cha Kigoma. Mimi nilikuwa napandisha sauti kwa makusudi, majirani wasikie.

Uchoraji na uchongaji bado unasuasua nyuma ya muziki, ndiyo maana leo nimewapigia kelele wachoraji na wachongaji.

Basi nataka kitu kutoka kwenu. Video ijayo naifanya kuhusu majina ya vitenge na kanga za mkoani kwetu. Muulize mama, bibi, shangazi: kile anachokithamini kilikuwa kinaitwaje, alikinunua kwa nani, na kilivuka ziwa au kilikuja na treni. Mwenye picha atume, asiye na bando aandike tu, nitasoma. Wa Tabora na nyie mmo, ila asali msilete humu. Na kijana anayejua kuchonga, aliye tayari kumtengeneza Susi hata kwa udongo, hata nusu kimo, aniandikie gharama zake waziwazi, nauli ndani yake. Nitachangisha huku, nianzie kazini kwetu.

Simu inaisha chaji na basi langu lile linakuja. Mama, najua unatazama, nitapiga jioni.