Na Wale Ambao Hawakuugua?

Wazee wangu, dada zangu, vijana, assalaam alaikum. Nimelisema hili shuleni na barazani, na nitalisema tena: rai yako haikuhusu wewe peke yako. Ukitangaza kwamba kisima fulani kina sumu, kuna mama atakayelala bila maji, na mwenye kisima huenda akavunjiwa mlango.

Twendeni London, 1854. Kipindupindu kimeingia mtaa wa Soho, na kwa siku kumi kimeua zaidi ya watu 500. Wakubwa wa tiba wakati ule walishikilia kwamba ugonjwa waletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow akashuku maji ya pampu ya Broad Street. Alipopita nyumba kwa nyumba, akakuta wengi waliokufa waliishi karibu na pampu ile. Mwengine angeishia hapo. Lakini aliye karibu na pampu si pia anavuta hewa ya mtaa ule ule?

Kwa hivyo Snow akawatafuta wasioingia katika hesabu yake. Hapo karibu palikuwa na nyumba ya maskini, ndani watu zaidi ya 500, wamekufa watano tu. Kumbe wana kisima chao. Kiwanda cha bia cha mtaani, wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja: wakinywa bia ya mwajiri wao. Tena kuna mjane wa Hampstead, mbali kabisa na Soho, naye kafa kwa kipindupindu. Snow akamuuliza mwanawe. Mama yule aliwahi kuishi Broad Street, akayapenda maji yale, na kila siku akiletewa chupa kwa gari la farasi!

Tarehe 8 Septemba pampu ikang'olewa mkono. Na hapa nisikilizeni sana: Snow mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia. Hakujitwalia sifa ambayo ushahidi haukumpa.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, kuhojihoji ni mambo ya Wazungu." Hapana! Karne nyingi kabla ya Snow, wanazuoni wa Hadithi, yaani habari zilizopokewa za maneno na matendo ya Mtume, walikuwa wakiuliza: umesikia kwa nani, naye kwa nani, walikutana kweli, kumbukumbu yake ikoje? Mnyororo wa wapokezi ukikatika, riwaya, yaani habari iliyopokewa, ni dhaifu, hata maneno yawe matamu vipi. Leo Mombasa sauti iliyorekodiwa kwa simu, isiyo na jina la msemaji, yatoka Kisauni asubuhi, adhuhuri iko Changamwe, na waliosambaza ni watu wanaozijua Hadithi kwa moyo! Hilo laniuma.

Nilitaka kusema pia juu ya kubadilisha rai hadharani bila kuona haya, na juu ya walimu wanaomnyamazisha mtoto anayeuliza "kwa nini". Hilo la pili lataka mhadhara wake, na adhana ya alasiri i karibu. Maswali, basi. Kijana wa nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja Hadithi, anza wewe.