Presha na Kisanduku cha Kabila

Asanteni. Karibu kila dodoso la utafiti wa presha ninaloletewa hapa Nairobi lina kisanduku cha kabila, na ripoti inayofuata huwa na jedwali: Waluo asilimia hii, Wakamba ile, Wakikuyu ile. Baada ya hapo mtafiti anatulia kama aliyekwisha pata sababu. Hajaipata! Wengine wenu mmenisikia nikilisema hili, na leo mtalisikia tena.

Mwaka 1929 daktari wa kikoloni, Donnison, aliandika kuwa huko Kavirondo Kusini, yaani kusini mwa Nyanza ya leo, hakukuta mgonjwa wa presha ya juu hospitalini mwake. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ukakuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anayo. Makabila ni yale yale.

Lakini ushahidi ninaotaka mkae nao ni ule uliochapishwa na mtafiti Poulter na wenzake mwaka 1990. Walikwenda kwa Waluo wa magharibi mwa Kenya, wakawafuatilia waliohamia Nairobi kutafuta kazi, na wakawalinganisha na waliobaki kijijini. Lugha moja, ukoo mmoja. Waliohamia presha ilikuwa juu zaidi, na tofauti ilijitokeza mapema, bila kungoja uzee. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo, ile madini ya kwenye mboga na matunda, uzito ulikuwa juu, hata mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Mtu ameacha viazi vitamu, maharage na mboga za shambani, sasa anakula mkate na chipsi za barabarani, analala chumba cha kupanga, hajui kodi ya mwezi ujao itatoka wapi. Hayo yote yanapimika. Kwa nini hatuyapimi?

Mtaniambia urithi upo. Upo, na ndiyo maana tunamuuliza mgonjwa kama mama yake alikuwa na presha. Ila urithi haubadiliki ndani ya basi la usiku kutoka Kisumu. Anayepanda na anayeshuka ni mtu yule yule. Na ukimwambia kijana wa Kibera kwamba kabila lake ndilo lenye presha, umempa nini cha kufanya? Kabila hawezi kulihama. Chumvi anaweza kuipunguza. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na chumvi iliyo ndani ya mkate nayo inahesabiwa.

Basi dodoso liulize: umehamia lini, unapika au unanunua, kazi yako ni ya usiku?

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka. Vipimo. Mtu aketi dakika tano kwanza, mkono uegemezwe usawa wa moyo, asizungumze, apimwe zaidi ya mara moja. Mkanda mdogo wa mashine ya presha kwenye mkono mnene hutoa presha isiyokuwepo. Nimeona data nzima iliyokusanywa watu wakiwa wamesimama foleni juani. Hiyo haifai kuchambuliwa.

La mwisho. Katika uchunguzi ule wa 2015, zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa presha maishani. Kwa wengi wao, mtafiti ndiye wa kwanza kufika na mashine. Ukimkuta mama wa mtaa wa Mukuru ana presha ya 180 kwa 110, iliyo juu sana, usiandike namba ukaenda nyumba ya pili. Mpe karatasi yenye majibu yake, umpeleke kituoni siku hiyo hiyo, na kabla ya utafiti kuanza uwe umehakikisha dawa zipo pale. Kamati za maadili zisipitishe pendekezo lolote lisiloeleza hilo.

Haya, maswali.