Jeni Moja, Sare 38,016

Hili nimelisema mara nyingi mpaka nyumbani kwangu limepigwa marufuku mezani, lakini leo kipaza sauti mmenipa wenyewe. Mtu akikwambia "mtoto huyu ana jeni ya hesabu", mwulize: imewashwa kwenye seli ipi, na lini? Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zilezile; tofauti ni zipi zimewashwa. Mnajua, tusonge.

Chukueni nzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Jeni zake za kuunda protini ni kama 14,000. Mojawapo ni Dscam1. Nakala yake ikishatolewa, seli huikata na kuiunga: hapa huchagua kipande kimoja kati ya 12, pale kimoja kati ya 48, kisha kati ya 33, kisha kati ya 2. Mwenye simu atuzidishie. Naam, aina 38,016 za protini! Kwa jeni moja!

Za nini zote hizo? Kila seli ya neva huokota chache kwa bahati nasibu, ikazivaa kama sare ya harusi. Ila huku mambo ni kinyume cha harusini: tawi la seli likikutana na tawi lenye sare ileile, linajua "huyu ni mimi", linajitenga. Ndiyo maana matawi ya seli moja hutanda badala ya kujisokota, na ya jirani hupishana nayo bila ugomvi. Mwaka 2007 maabara kadhaa za Marekani zilizivisha seli jirani sare moja. Zikaanza kukimbiana, kila moja ikidhani imekutana na nafsi yake!

"Profesa, nzi na mtu wapi na wapi?" Nilikuwa nakusubiri. Kweli, kwa sare hizi sisi hatutumii hila hiyo ya kukata. Sare zetu ni protokadherini, protini za jeni zaidi ya 50 zilizopangwa kwenye kromosomu ya 5. Uzi wa DNA hujikunja, swichi ya mbali ikagusa jeni iliyobahatika, nyingine zikalala. Kwa hiyo hata pacha wa yai moja, kila seli ilijipigia kura yake. Jeni ya hesabu iko wapi hapo?

Dakika mbili tu zimebaki, mwenyekiti? Haya, kumbukumbu, mbiombio. Eric Kandel, mtafiti wa ubongo, Nobel ya 2000, alichunguza konokono wa baharini. Mshtue mara moja, atakumbuka kwa dakika kadhaa. Rudiarudia, protini CREB itawasha jeni, na viunganishi vipya vitaota kati ya seli za neva. Ugonjwa wa Rett, ule wa kijeni unaovuruga ukuaji wa ubongo, nilitaka kuufikia, lakini mwenyekiti ameshasimama.

Maswali. Wewe wa nyuma, kama ni jeni ya hesabu, shusha mkono.